Kichwa Chanya ni Kipi?

Betri nyingi za gari zina vichwa viwili vya risasi. Kichwa chanya kina alama ya +. Kichwa hasi kina alama ya –. Ukigeuza nyaya, redio yako inaweza kuungua.

Je, alama zimefutika? Usibahatishe. Tazama unene. Kichwa chanya ni kinene kuliko kichwa hasi.

Kisha hakikisha kwa mita ya namba. Iweke ipime volti za betri. Gusa kichwa kinene kwa waya mwekundu, na chembamba kwa waya mweusi. Ukiona 12, umepatia. Ukiona –12, umegeuza.

Sasa andika alama upya kwa rangi.

Angalia! Usiunganishe vichwa viwili kwa chuma. Cheche zitaruka, na betri yaweza kulipuka.