Tumeinyamazia bodaboda, kwa nini tuihofie baiskeli ya mwanamke?

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Igunga

Ni vigumu kupita mitaa mitatu ya Igunga bila kuona baiskeli imeegemezwa ukutani. Kwa baiskeli tunabeba mpunga na dengu kutoka mashambani, madumu ya maji, kuni, mkaa, na mara nyingine mgonjwa anayewahishwa zahanati. Ni chombo cha kila nyumba, cha tajiri na cha maskini. Hata hivyo, ukitazama nani ameshika usukani, utamkuta baba, kijana, au mtoto wa kiume ambaye miguu yake bado haifiki vizuri kwenye pedeli. Mama na binti, wakionekana juu ya baiskeli, aghalabu wamekaa nyuma kwenye keria. Wengi wao wanakwenda kwa miguu, mzigo ukiwa kichwani.

Katika siku za karibuni swali moja limeifikia kamati yetu kwa milango tofauti. Mzazi ameuliza kuhusu binti yake anayesoma sekondari ya mbali. Mjane anayepeleka mboga gulioni ameuliza kwa ajili yake mwenyewe. Mama wa makamo, ambaye magoti yameanza kumsumbua, ameuliza kwa haya kama umri wake bado unaruhusu kujifunza. Na dada mwenye ulemavu wa mguu ametaka kujua kama msikiti unaweza kumsaidia kupata baiskeli ya magurudumu matatu. Maswali ni manne, lakini msingi wake ni mmoja: je, inafaa mwanamke wa Kiislamu aendeshe baiskeli?

Tumeona ni vyema tulijibu hadharani, kwa kuwa jambo hili linagusa nyumba nyingi kuliko hizo nne.

Kwanza tutazame tulichokikubali

Tuanze na hali ilivyo leo. Binti akichelewa shule anapanda bodaboda. Anakaa nyuma ya kijana asiyekuwa mahram wake, mwili karibu na mwili, katika njia ya porini, na pengine nauli hana. Kijana anampa lifti leo na kesho, kisha siku moja anaidai lifti ile kwa namna nyingine. Hatuwatuhumu vijana wote wa bodaboda, kwani wengi wao ni watoto wetu wanaotafuta riziki ya halali. Lakini mzazi gani wa mkoa huu hajasikia habari ya msichana aliyekatishwa masomo kwa mimba iliyoanzia katika lifti?

Wazazi wengine, kwa kukimbia umbali huo, humpangia binti chumba karibu na shule. Huko anaishi geto bila mlezi, akiwa na umri wa miaka 14 au 15. Anajipikia, anajilinda, na anafungua mlango mwenyewe usiku unapobishwa hodi.

Haya yote tumeyazoea na kuyanyamazia. Lakini binti huyo huyo akipanda baiskeli yake mwenyewe, amevaa vazi lake la stara, hakuna mwanamume anayemgusa, saa ya kutoka na saa ya kurudi anazimiliki yeye na wazazi wake, hapo ndipo tunauliza habari ya haya. Tunadhani mizani yetu imepinda.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Shule iliyo umbali wa kilomita 8 humchukua mtembea kwa miguu karibu saa mbili. Kwa baiskeli, hata katika njia ya vumbi, ni kama dakika 40. Atokaye nyumbani baada ya jua kuchomoza na kurudi kabla ya Magharibi hayuko sawa na atembeaye gizani mara mbili kwa siku.

Wanawake wa mwanzo walipanda

Dini yetu haikuja kumteremsha mwanamke kutoka kwenye kipando. Katika Surat An-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupandwa na ni pambo, kisha anatujulisha kwamba huumba tusivyovijua. Mtume (s.a.w.), alipowasifu wanawake wema wa Kikuraishi katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, aliwataja miongoni mwa wanawake wapandao ngamia. Bi Umm Haram bint Milhan (r.a.) alisafiri baharini pamoja na jeshi la Waislamu mpaka Kupro, na huko alifariki kwa kuanguka kutoka kwenye mnyama aliyempanda.

Lakini habari inayotugusa zaidi sisi watu wa Igunga ni ya Bi Asma bint Abi Bakr (r.a.), nayo imo katika Sahih ya Bukhari. Alikuwa akibeba kokwa za tende kichwani kutoka katika shamba la mumewe, Zubayr, umbali wa theluthi mbili za farsakh, yaani takriban kilomita tatu na nusu. Siku moja Mtume (s.a.w.) alikutana naye njiani akiwa pamoja na kundi la Answari, akampigisha ngamia magoti ili ampandishe. Bi Asma akaona haya, akakumbuka wivu wa mumewe, akaendelea kwa miguu. Aliporudi nyumbani na kumsimulia Zubayr, mume yule aliyejulikana kwa wivu alimwambia kwamba kumwona akibeba zile kokwa kichwani kulimuuma zaidi kuliko kama angepanda pamoja na Mtume.

Tuizingatie habari hii. Wivu wa Zubayr haukuondoka, wala haya ya Bi Asma hayakulaumiwa. Lakini mume alitambua kwamba mzigo juu ya kichwa cha mkewe ulikuwa jambo zito kuliko kipando. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuutazama mzigo wa kuni juu ya kichwa cha mke na kuumia namna hiyo?

Maneno yanayonukuliwa na khofu inayofichwa

Wapo wanaonukuu maneno ya kuwalaani wanawake wapandao tandiko, wakidhani ni hadithi. Ibn Abidin, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Hanafi aliyefariki Damascus mwaka 1836, amenukuu katika Radd al-Muhtar kwamba maneno hayo kwa lafdhi yake hayana asili, ingawa yeye aliliunga mkono katazo la kujifananisha na wanaume. Na kitabu anachokisherehesha kimeweka mpaka ulio wazi: kinachokatazwa ni kupanda kwa mchezo. Ama kupanda kwa haja ya hija, ya vita, au ya jambo la dini au la dunia lisiloepukika, hakuna ubaya. Shule, zahanati, gulio na kisima ni haja.

Ipo pia khofu ambayo wazazi huisema kwa sauti ya chini, nayo ni kwamba baiskeli itamharibia binti ubikira. Tuiseme kwa adabu, maana kunyamaza kumewanyima wengi elimu. Maumbile ya wasichana yanatofautiana, na hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha historia ya binti. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliungana na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa kutaka upimaji wa aina hiyo ukomeshwe. Na kabla ya madaktari wa leo, Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho kila aliyesoma fiqhi ya Kishafii katika nchi zetu anakijua, ameeleza kwamba ubikira ukiondoka bila ya jimai, kwa mfano kwa kuanguka, hukumu ya binti haibadiliki. Sharia ilikwisha kumlinda binti huyu karne nyingi kabla ya baiskeli kubuniwa.

Wala khofu hizi si za Waislamu peke yao. Ulaya na Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, baadhi ya madaktari walidai kwamba baiskeli ingeharibu sura na afya ya mwanamke. Leo nani anayakumbuka madai hayo?

Waliotutangulia

Mkoa wetu wa Tabora una historia ya mwendo. Katika misafara ya karne ya 19 iliyounganisha pwani na Unyanyembe hadi Ujiji, wanawake wa Kinyamwezi walikuwamo, wakibeba vyakula, vyombo na watoto, na wengine mizigo ya biashara. Kwa njia hizo hizo Uislamu ulifika bara. Mwanamke msafiri si mgeni katika ardhi hii.

Tukitazama mbali zaidi, mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika wilaya ya Pudukkottai, kusini mwa India, kampeni ya kusoma na kuandika iliambatana na mafunzo ya baiskeli kwa wanawake. Maelfu walijifunza, wakiwamo Waislamu waliolelewa katika nyumba zenye kushika sana mila. Mwaka 2006 jimbo la Bihar, kaskazini mwa India, lilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la 9 fedha za baiskeli. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipopima matokeo, waliona uandikishaji wa wasichana sekondari umepanda kwa asilimia 32, na nafuu kubwa ilikuwa katika vijiji vilivyo mbali na shule. Nchini Zambia, wasichana wa vijijini waliopewa baiskeli walipunguza muda wa safari kwa karibu theluthi moja na utoro kwa zaidi ya robo, na walisumbuliwa njiani mara chache zaidi.

Waislamu wa mijini nao wameanza. Jijini London, Sarah Javaid alianzisha mwaka 2016 kikundi cha Cycle Sisters, ambamo wanawake wa Kiislamu huendesha baiskeli pamoja wakiwa na hijabu zao. Mwaka huo huo Enass Muzamil alianzisha Khartoum, Sudan, harakati ya wanawake waendesha baiskeli. Na Mwanza, jirani zetu, mashindano ya baiskeli ya mwanzoni mwa miaka ya 2010 yalikuwa na kundi la wanawake na pia kundi la watu wenye ulemavu wanaotumia magurudumu matatu.

Kwa kila umri, kwa kila hali

Mtu mzima hujifunza kwa njia nyepesi kuliko tunavyodhani. Ondoa pedeli zote mbili, shusha kiti mpaka nyayo zikanyage chini, kisha mwanafunzi ajisukume kwa miguu, akinyanyua nyayo kidogo kidogo hadi mwili uzoee mizani. Akishaweza kuteleza hatua kadhaa bila kugusa chini, rudisha pedeli. Mama wa miaka 50 anaweza njia hii, maana hakuna kushikwa wala kusukumwa na mtu, na akiyumba miguu yake iko ardhini. Mwenye magoti yanayouma atapata nafuu, kwa sababu uzito hubebwa na kiti, lakini apande polepole na aepuke mlima. Mjamzito aongee kwanza na mkunga wake.

Mavazi yasiwe kikwazo wala hatari. Suruali pana chini ya baibui, baibui lisiloburuta, mtandio uliobanwa kwa pini, na kifuniko juu ya cheni ili nguo isinaswe. Baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu inampa mwanamke kupanda na kushuka kwa heshima. Barabara kuu ya malori yaendayo Rwanda na Kongo tuiache kwa wanafunzi wapya, na wakati wa masika tukumbuke kwamba udongo mweusi wa mbuga hushika tairi mpaka baiskeli ikabebwa badala ya kubeba.

Dada zetu wenye ulemavu tusiwaweke mwisho wa orodha. Kwao baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono ndiyo miguu yenyewe: ndiyo njia ya kufika darsani, sokoni na hospitali bila kusubiri wa kuwabeba. Fundi wa kuchomelea vyuma akipatiwa vifaa na mfano mzuri, anaweza kuitengeneza papa hapa.

Baiskeli ya nani?

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu kuliko kujifunza. Baiskeli ikinunuliwa kwa ajili ya binti, mara nyingi baada ya mwezi mmoja huwa ya kaka yake. Ya mama huwa ya baba. Tukumbuke kwamba mali ya mke ni ya mke, na kilichotolewa zawadi kwa binti ni chake. Kukichukua bila ridhaa ni dhulma, hata kama aliyekichukua anaitwa baba wa nyumba. Katika mpango wa Zambia familia hutia saini mkataba kwamba baiskeli ni ya kwendea shule, na kamati ya kijiji husimamia. Misikiti yetu ina kamati. Tunashindwaje kushuhudia mkataba wa namna hiyo, kama tunavyoshuhudia ndoa?

Kwa hiyo rai yetu kwa kamati za misikiti na madrasa ni hii: tutenge uwanja na saa baada ya Alasiri kwa ajili ya wanawake peke yao. Tumtafute mwalimu mwanamke, au mama mmoja anayejua awafundishe wawili. Tuwe na baiskeli mbili za pamoja za kujifunzia, na daftari la kuandika nani anahitaji kipi: binti wa shule, mjane wa gulioni, mama wa magoti, dada wa magurudumu matatu. Na siku ya Ijumaa khatibu awakumbushe akina baba habari ya Zubayr.

Kuni zile zitaendelea kuchanjwa na maji yataendelea kuchotwa, tupende tusipende. Lililo mikononi mwetu ni kuamua kama mzigo ule ubaki kichwani au uhamie kwenye keria, mwenye kuubeba akiwa ameshika usukani kwa mkono wake.

Wabillahi tawfiq.