Dola mia za mwisho

Bursi ya DAFI, inayowalipia wakimbizi masomo ya chuo kikuu, ina jina la Albert Einstein. Ilianza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, na msimamizi wake ni HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Einstein alikuwa Myahudi. Aliondoka Ujerumani Desemba 1932, Wanazi wakashika madaraka, naye hakurudi tena. Oktoba 1933 alisimama Royal Albert Hall, London, kuwachangishia fedha wasomi waliofukuzwa vyuoni. Bursi yenye jina lake haimuulizi mwombaji dini wala kabila. Inamuuliza kama ametambuliwa kuwa mkimbizi.

Hapo ndipo vijana wengi wa Uvira wanapokwama. Mkongomani aliyevuka mto Ruzizi kuingia Burundi na kupewa hati ya ukimbizi anaweza kuomba huko alikofikia, kama programu ipo. Mdogo wake aliyebaki Kavimvira, hapa Uvira, hawezi, hata kama vita vimemhamisha nyumba mara kadhaa, maana kisheria aliyekimbia ndani ya nchi yake ni mhamaji wa ndani. Kuna pia Excellentia ya taasisi ya mke wa Rais, Denise Nyakeru Tshisekedi, lakini hiyo inawatafuta waliong'ara sana katika Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Aliyepata asilimia 58, mtoto wa mvuvi wa ndagala, si mkimbizi wala si bingwa. Na darasani, walio wengi ndio hao.

Kwa kijana wa namna hiyo naona Wayahudi wa Marekani wana jambo la kutufundisha, na si bursi zao kubwa ninazozisema. Ninasema mikopo yao midogo isiyo na riba. Torati inakataza kumtoza riba ndugu mhitaji, na kutoka humo jumuiya zao zikajenga mifuko. Ule wa New York, Hebrew Free Loan Society, ulianza mwaka 1892 kwa ajili ya wahamiaji maskini. Mwingine, JELF wa Atlanta, chimbuko lake ni nyumba ya yatima ya karne ya 19. Leo unawakopesha wanafunzi Wayahudi wa majimbo kadhaa ya kusini.

JELF haulipi masomo yote. Mwanafunzi kwanza anahesabu mchango wa wazazi, msaada wa serikali, punguzo la chuo na bursi yoyote aliyopata. Mfuko unaingia kuziba pengo linalobaki. Akimaliza masomo anarudisha polepole, bila riba, na kila anachorudisha anakopeshwa mwingine.

Tuiweke hesabu hiyo kwetu, kwa mfano tu. Tuseme mwaka mmoja wa chuo, minervali na chumba, unafika dola 600. Mama ana 350 kutoka likelemba ya soko, mjomba anatoa 150. Zinabaki 100, na kwa hizo 100 kijana anakaa nyumbani mwaka mzima. Mfadhili anayetaka kulipa dola 600 zote atasaidia mmoja. Anayeziba pengo atasaidia sita, na fedha zikirudi atawafikia wengine. Nashangaa mitualite zetu, ambazo zinachangisha haraka hivyo kwa msiba na harusi, hazijazoea kuhesabu hivi. Vyama vya akiba, AVEC, tayari vinajua kukopesha na kufuatilia deni. Vinachohitaji ni muda mrefu zaidi wa kulipa, kwa sababu mwanafunzi hawezi kuanza kurudisha baada ya miezi mitatu kama muuza mafuta ya mawese.

Kuna jambo gumu zaidi. JELF ni wa Wayahudi peke yao, na fedha ni zao. Je, mitualite ya kabila moja ifanye hivyo Uvira? Haki inayo. Ila katika mji ambako Bafuliru, Bavira, Babembe, Barundi na Banyamulenge wanahesabiana vyeo na viti, mfuko unaotangazwa kwa kelele kuwa ni wa "watoto wetu" utaleta maneno. Mfano wa karibu ni Abayudaya, Wayahudi wa Uganda wanaoishi pembeni ya Mbale tangu Semei Kakungulu alipoishika dini hiyo mwaka 1919. Shule zao, Hadassah na Semei Kakungulu, zimepata msaada wa Wayahudi wa ng'ambo, na madarasani Wakristo na Waislamu wanakaa pamoja na watoto wa jumuiya. Mimi ningeiga hao: kamati iwe ya kabila au parokia, lakini sehemu ya mikopo iandikwe wazi kuwa ni ya jirani yeyote wa kartie.

Mambo mawili ya kiufundi yaamuliwe kabla ya dola ya kwanza kutoka. Mdhamini asiwe mzazi peke yake; mifuko mingi ya Wayahudi inadai wadhamini wenye kipato, na kwetu mwalimu mwenye mshahara au mwenye duka Kalundu angefaa. Halafu fedha zisipite mkononi mwa mwanafunzi. Zilipwe chuoni moja kwa moja, na bordero ibaki kwa mweka hazina. Kwa wanaosoma Bukavu, ambako benki zilifungwa waasi wa M23 walipoingia Februari 2025, kamati iulize kwanza chuo kinapokea kwa njia gani, na ipewe risiti yenye jina la mwanafunzi na mwaka wa masomo.