Kabla hujarefusha bodi ya guta au kufunga tela, fahamu haya

Mahindi yakishavunwa Ufipa, kila mtu anahesabu tripu. Lori la kwenda Tunduma linasubiri barabarani, lakini haliingii shambani. Magunia lazima yatolewe vijijini, kuanzia Kaengesa, Mpui na Laela hadi upande wa Matai, na mara nyingi anayeifanya kazi hiyo ni mwenye guta, pikipiki ya miguu mitatu yenye bodi nyuma.

Hapo ndipo wazo linapozaliwa. Bodi imejaa kwa magunia sita, mteja ana kumi. Fundi wa kuchomelea yupo pale pale mjini Sumbawanga, vyuma vipo. Kwa nini usirefushe bodi? Kwa nini usiinue kuta? Au basi, ufunge tela kabisa?

Swali ambalo wengi huanza nalo ni "injini itavuta?" Mara nyingi itavuta. Guta lina gia nzito na injini haikatai haraka, hata kama kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800 hewa ni nyepesi na injini ya kabureta hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu iliyokuwa nayo usawa wa bahari. Maswali yenye uzito ni mengine mawili: mzigo unakaa wapi, na nini kitausimamisha?

Kurefusha bodi: hesabu ya pembea

Chukua guta ambalo kutoka gurudumu la mbele hadi ekseli ya nyuma ni mita 2. Fundi anarefusha bodi kwenda nyuma, na magunia mawili ya ziada, kilo 200, yanakaa sentimita 90 nyuma ya ekseli.

Ekseli sasa ni kama kitako cha pembea ya watoto. Mzigo ulio nyuma yake unabonyeza chini na unainua mbele. Zidisha kilo 200 kwa sentimita 90, gawanya kwa sentimita 200: unapata kilo 90. Yaani gurudumu la mbele limepunguziwa kilo 90, na ekseli ya nyuma imeongezewa kilo 290. Umelipwa nauli ya kilo 200, ekseli imebeba 290.

Dereva ataona nini? Usukani unakuwa mwepesi, na wengine hufurahia hilo. Kumbe usukani mwepesi maana yake tairi la mbele haligusi barabara sawasawa. Kwenye udongo uliolowa au kokoto za juu juu, unakata kona na guta linanyooka. Ukipanda mlima na kuachia klachi ghafla, mbele inanyanyuka. Breki ya mbele nayo inakuwa pambo tu.

Wapo wanaoongeza pleti za springi ili guta lisilale nyuma. Linasimama vizuri, linapendeza. Lakini springi ngumu haipunguzi hata kilo moja kwenye ekseli, haiongezi breki, wala hairudishi uzito mbele. Inachofanya ni kuficha dalili. Chasi ndiyo itakayosema ukweli, kwa kawaida kwa kupasuka pale ilipochomelewa.

Kuinua kuta: inategemea unabeba nini

Hii ndiyo nyongeza yenye madhara madogo, ilimradi mzigo uwe mwepesi kwa ukubwa wake: alizeti, mahindi ambayo hayajapukuchuliwa, majani ya ng'ombe, makreti matupu. Kwa mahindi yaliyopukuchuliwa au maharage, kuta ndefu ni kishawishi tu cha kuzidisha.

Guta limesimama juu ya pembetatu. Nyuma pana, mbele ncha. Ukifunga breki huku unakata kona, uzito unakimbilia mbele, kule ambako pembetatu ni nyembamba. Mzigo ukiwa juu, guta linalala ubavu kabla dereva hajajua kilichotokea. Na hapa lumbesa inaingia: ukihesabu magunia sita kuwa kilo 600 wakati kila moja limevimba juu, umeshazidisha kabla hujaondoka shambani, tena kilo hizo za ziada ziko pale pale pabaya, juu.

Tela: nzuri kuliko inavyosemwa, mbaya kuliko inavyoonekana

Kuunga tela nyuma ya chombo cha miguu mitatu si jambo geni. Mwaka 1961 kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa Ape Pentarò, chombo chenye kichwa cha miguu mitatu na tela la magurudumu mawili, jumla matano. Lakini hicho kilibuniwa kiwandani kuanzia mwanzo kiwe hivyo. Si sawa na ndoano iliyochomelewa kwenye bodi jioni moja.

Kwa upande wa usukani, tela linaishinda bodi ndefu kwa mbali. Tela la ekseli moja lenye uzito wa kilo 500 pamoja na mzigo, likipangwa vizuri, hulalia ndoano kwa karibu kilo 50 tu. Ndoano ikiwa sentimita 60 nyuma ya ekseli ya guta, mbele inapungua kilo 15. Hiyo inavumilika. Magurudumu ya tela yamebeba sehemu yao.

Sharti ni mpangilio. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli ya tela, ukizidi kidogo kuelekea mbele. Ukirundika magunia mwisho wa tela, shingo yake inanyanyuka, inainua matako ya guta, na mwendo ukiongezeka tela linaanza kupiga mkia kushoto na kulia. Likishaanza, kukanyaga breki kwa nguvu ndiyo kosa kubwa. Achia mafuta taratibu, shika usukani ulionyooka.

Ndoano nayo ifungwe kwenye chasi, si kwenye bodi, na mnyororo wa usalama uwepo ili tela likichomoka lisiende peke yake.

Kuna wazo la kuchukua mkokoteni wa ng'ombe na kuufunga nyuma ya guta. Afadhali liachwe. Mkokoteni umetengenezwa kwa mwendo wa maksai: hauna breki, mara nyingi hauna springi, na beringi zake hazijawahi kukimbia kilomita 30 kwa saa.

Mteremko ndio hakimu

Juu ya uwanda, kati ya mji na vijiji vya karibu, tela dogo linaweza kufanya kazi vizuri. Shida ni kwamba Ufipa ina kingo. Barabara ya Ntendo kwenda Muze inashuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa, karibu mita 1,000 chini. Ya Kasanga inashuka kwenda Ziwa Tanganyika kwa kiasi hichohicho.

Fikiria guta na mzigo wake kilo 1,000, na tela kilo 500. Uzito huo ukishuka mita 1,000 unatoa joto linaloweza kuchemsha ndoo mbili za lita 20 za maji baridi. Joto hilo lazima liende mahali. Ukishuka kwa gia ndogo, injini inachukua sehemu yake. Ukiweka nyutro ili kuokoa mafuta, karibu mzigo wote wa kazi hiyo unabaki kwa breki ndogo za guta. Zikipata moto zinalegea: unakanyaga, pedali inafika chini, chombo hakisimami.

Tela lisilo na breki huongeza balaa la pili. Breki zilizotosha kusimamisha kilo 1,000 ndani ya mita 10 zitahitaji karibu mita 15 kwa kilo 1,500, na hapo ni barabara kavu na tambarare. Kwenye mteremko tela linasukuma guta kwa nyuma, na ukiwa kwenye kona linalisukuma kwa pembeni hadi viwili hivyo vikunjane kama kisu cha kukunja. Kwa hiyo kwa njia ya Muze au Kasanga jibu ni fupi: tela lisilo na breki zake lisishuke. Tripu mbili.

Upande wa sheria

Kwa Tanzania, tela ni chombo kinachosajiliwa peke yake na hupewa namba yake na TRA. Namba ya guta hailifuniki. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inahusu pia hali ya chombo na uzito wa mzigo, kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi, pitia ofisi ya trafiki uulize kama mabadiliko unayotaka yatakubalika. Bima nayo: chombo kilichobadilishwa bila kampuni kujua kinaweza kukunyima fidia siku unayoihitaji.

Jipime mwenyewe kwa mizani ya mahindi

Mnunuzi wa mazao ana mizani ya jukwaa. Omba dakika tano. Weka gurudumu la mbele juu ya mizani, magurudumu ya nyuma juu ya mbao zenye kimo kilekile ili guta likae sawa, dereva akae kitini. Soma namba guta likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wote, tela likiwa limefungwa kama lipo.

Wenye matrekta wana kanuni ambayo inafaa kuazimwa: mbele pabaki na angalau asilimia 20 ya uzito wa chombo kikiwa tupu. Kwa guta la kilo 400, hizo ni kilo 80. Mizani ikisoma chini ya hapo, magunia ya nyuma yasogezwe mbele ya ekseli. Isipopanda, gunia la mwisho linashuka na kusubiri tripu inayofuata.