Nafasi ya Lugha katika Utatuzi wa Maswali ya Awali ya Fizikia: Ufafanuzi kwa Mazingira ya Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoani Mara

Utangulizi

Makala haya yanafafanua hatua za kutatua swali la awali la fizikia na kubainisha kwamba kosa linalojitokeza kwenye hesabu huweza kuwa limezaliwa mapema, wakati wa kusoma swali. Suala hili lina uzito wa pekee katika wilaya za Tarime na Serengeti. Mtoto wa huko huweza kuanza maisha kwa Kikuria, Kingoreme au Kiikoma, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaipokea fizikia kwa Kiingereza anapoingia kidato cha kwanza.

Hatua za utatuzi

Katika kitabu chake cha mwaka 1945, mwanahisabati George Pólya alibainisha hatua nne za utatuzi: kulielewa swali, kupanga njia, kuitekeleza njia hiyo na kulipitia jibu. Hatua hizo zinaweza kufafanuliwa kwa mfano ufuatao: mwanafunzi anavuta kwa kamba ndoo yenye kilo 20 za maji, kwa mwendo usiobadilika, kutoka kisimani hadi kimo cha mita 12. Je, anafanya kazi kiasi gani? Tungamo la ndoo na la kamba lipuuzwe.

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha yaliyotolewa na kulipa kila jambo jina lake. Hapa ndipo penye mtego. Sokoni Mugumu au Sirari, muuzaji akitaja kilo za mahindi husema ametaja uzito. Katika fizikia, kilogramu hupima tungamo, yaani kiasi cha maada. Uzito ni kani ambayo dunia huvutia tungamo hilo, nayo hupimwa kwa nyutoni. Vivyo hivyo, anayesimama akiwa ameshika ndoo bila kuisogeza huhesabiwa na jirani zake kuwa anafanya kazi. Kifizikia, kani yake haifanyi kazi yoyote juu ya ndoo hiyo, kwa kuwa ndoo haijasogea.

Hatua ya pili ni kupanga njia. Kazi ni zao la kani na umbali uliosogezwa kuelekea upande wa kani hiyo. Kwa kuwa kani haikutajwa, sharti itafutwe kwanza kutokana na tungamo.

Hatua ya tatu ni utekelezaji. Ikichukuliwa kwamba kila kilogramu huvutwa kwa takriban nyutoni 10, uzito wa maji ni 20 × 10 = nyutoni 200. Hivyo, kazi ni 200 × 12 = jouli 2,400.

Hatua ya nne ni kulipitia jibu. Mwanafunzi aliyechukua kilo kuwa uzito ataandika 20 × 12 = 240. Kuzidisha kwake ni sahihi kabisa, lakini jibu si sahihi. Akivipitia vizio, atagundua kwamba amepata kilogramu-mita, ilhali jouli moja ni nyutoni moja mara mita moja. Vizio ndivyo vinavyomrudisha kwenye neno alilolipita haraka.

Athari kwa ufundishaji

Mwalimu anayesahihisha jibu la mwisho pekee huweza kumhukumu mwanafunzi huyo kuwa hajui hesabu, na kumpa mazoezi zaidi ya kuzidisha ambayo hayataliondoa tatizo. Akidai hatua zote ziandikwe, ataona mahali halisi pa kosa. Aidha, istilahi za kutenganisha dhana hizi zipo katika Kiswahili: tungamo, uzito, kani, kazi na nishati. Mwanafunzi akitakiwa kulieleza swali kwa maneno hayo kabla ya kuandika kanuni kwa Kiingereza, mwalimu hupata nafasi ya kutambua iwapo dhana imeeleweka.

Hitimisho

Utatuzi wa hatua kwa hatua ni zaidi ya utaratibu wa kupanga hesabu. Katika mazingira ya lugha tatu kama ya Tarime na Serengeti, ni njia ya kutofautisha asiyejua fizikia na aliyekwazwa na neno moja.