Kuwasafirisha wazee kwa meli: tulisahau kumuuliza mama

Tulipokubaliana sisi ndugu wanne kuwapeleka mama yetu na shangazi katika safari ya meli ya kitalii, tulidhani kazi kubwa ingekuwa kupata fedha. Kila mmoja aliweka fungu lake kwa miezi kumi na minne, bila ya mkopo wa riba, na kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu fedha zikatimia. Njia tuliyoichagua ilikuwa kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Dubai, kisha kwa meli hadi Muscat na kurejea. Mama ana miaka 74, ana kisukari, na magoti yanamsumbua. Shangazi anamzidi kwa miaka mitatu. Na huko Muscat yupo binti wa mama yake mdogo, ambaye hawakuonana tangu miaka ya 1970.

Tulimpelekea mama habari hiyo kama zawadi. Alishukuru, akatuombea dua. Wiki mbili baadaye shangazi akatunong'oneza kwamba mama halali usiku. Alikuwa amemuuliza, "Nikifa baharini, wifi yangu, nitatupwa majini?"

Swali hilo lilitutia haya. Tulikwisha kulinganisha bei na picha za meli, lakini yeye mwenyewe hatukuwa tumemuuliza lolote. Surat al-Israa inatufunza kuwainamishia wazazi bawa la unyenyekevu, nasi tulikuwa tumempangia mama yetu safari kama anavyopangiwa mtoto.

Tukakaa naye, tukamweleza. Meli kubwa za leo zina chumba cha kuhifadhi maiti, na aliyefariki hushushwa bandarini. Tukakata bima ya safari inayogharimia matibabu, kumhamisha mgonjwa, na kumrejesha marehemu kwao. Kisha tukaandika wasia, sisi sote pamoja naye, kwani Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tusilale nyusiku mbili bila ya wasia ulioandikwa, iwapo tuna cha kuusia. Mama alipoona hata vijana wanaandika wa kwao, moyo ulitulia. Ndipo naye akatoa masharti yake: alale chumba kimoja na wifi yake, Magharibi tusali jamaa, na wasiachwe peke yao chumbani mchana kutwa.

Chumba na dawa

Masharti hayo ndiyo yaliyotuongoza. Chumba tulikiomba katikati ya meli, katika ghorofa ya chini, kwa kuwa huko mtikisiko ni mdogo kuliko mbele au juu, na karibu na lifti. Vyumba vya watu wa viti vya magurudumu, vyenye milango mipana na bafu lisilo na kizingiti, ni vichache katika kila meli. Anayevihitaji aombe mapema.

Mizigo hukabidhiwa bandarini na huweza kuchukua saa kadhaa kufika chumbani. Kwa hiyo dawa zote zilikaa katika mkoba wa mkononi, ndani ya paketi zake, pamoja na barua ya daktari na akiba ya siku za ziada. Dawa za kichefuchefu cha bahari hazikununuliwa kiholela. Baadhi yake huleta usingizi na kizunguzungu, na zinaweza kumdhuru mzee mwenye presha ya macho au tatizo la tezi dume. Daktari ndani ya meli yupo, lakini huduma yake hulipiwa, na si nafuu.

Sala na chakula

Wazee wetu wamezoea kibla cha kaskazini, kama kilivyo Dar es Salaam. Katika bahari ya Oman, Makka iko upande wa magharibi, na meli nayo hugeuka. Tulitumia dira ya simu kabla ya kila sala. Tulipunguza na kukusanya sala kwa ruhusa ya msafiri, na asiyeweza kusimama alisali ameketi. Mama alivaa khofu akiwa na udhu, akapangusa juu yake, kwani msafiri ana ruhusa ya siku tatu. Hilo lilimwepusha na kuinua miguu kwenye beseni katika bafu dogo lenye utelezi.

Kuhusu chakula, tuliandika mapema kuuliza nyama ya halali, hatukungoja kufika mezani. Pale tusipopata jibu la uhakika tulikula samaki na mboga. Meli hizi zina baa na kamari pia. Tuliomba meza iliyo mbali nazo, tukapewa.

Viza na bandari

Anayetoka Dubai kwa meli kwenda nchi nyingine amekwisha kutoka nchini, hivyo viza ya kuingia mara moja haimtoshi anaporudi. Ulizeni pia kama meli itafunga gatini au itatia nanga mbali. Ikitia nanga, abiria hushushwa kwa mashua, na kwa mwenye magoti mabovu hiyo ni shida kubwa. Muscat meli hufunga bandarini Mutrah, karibu na soko la zamani.

Siku hiyo abiria wengi walikwenda matembezi ya kulipia. Sisi hatukwenda popote. Gari la jamaa lilitungoja nje ya bandari, tukala mchana nyumbani kwa binti wa mama mdogo. Wazee wale watatu walizungumza Kiswahili cha Unguja mpaka Alasiri, wakitajana marehemu mmoja mmoja na kuwarehemu. Tulilazimika kuwakumbusha mara tatu kwamba meli haimngoji mtu.

Usiku ule mama alilala mapema. Asubuhi, baada ya Alfajiri, aliomba tumpeleke sitahani aione bahari. Alisimama akishika chuma kwa mkono mmoja na mkono wa shangazi kwa mwingine, akasema, "Mngeniuliza tangu mwanzo, ningewaambia nataka kumwona yule tu."

Kwa hiyo, enyi wenzetu mnaotaka kuwafurahisha wazazi, kabla ya kumpigia wakala wa safari, kaeni nao kwanza. Waulizeni wanaogopa nini, na wanataka kumwona nani.