Dawa ya wadudu: ile inayokwisha shambani na ile inayofika mpaka kwenye sahani

Asubuhi mlimaji ananyunyiza nyanya zake karibu na mto. Mchana mvua inanyesha. Watu wengi wanafikiri habari imeishia pale: mvua imesafisha. Kwa dawa fulani hiyo iko karibu na ukweli. Kwa zingine, mvua njo inaanzisha safari.

Dawa za wadudu haziko sawa. Ili kuzitofautisha, kuko maulizo mawili. Dawa inachukua muda gani mbele ya kuharibika? Na inapenda kukaa ndani ya maji ao ndani ya mafuta?

DDT inajibu vibaya kwa yote mawili. Mwanakemia wa Uswisi Paul Müller aligundua katika 1939 kwamba inaua wadudu, na katika 1948 akapewa zawadi ya Nobel. Ilinyunyizwa ndani ya nyumba juu ya mbu wa malaria, na katika mashamba ya pamba. Lakini udongoni, nusu ya DDT inaweza kuwa ingali pale nyuma ya miaka 2 mpaka 15. Tena haiyeyuki vizuri katika maji, inayeyuka katika mafuta. Mnyama akiikula, hawezi kuitoa haraka kwa mkojo. Inaingia katika mafuta ya mwili na kutulia mule.

Pale njo hesabu inaanza. Katika ziwa Tanganyika, vidudu vidogo sana vya majini vinakula majani madogo yanayoelea. Ndagala anakula vile vidudu. Mukeke anakula ndagala. Mtu anakula mukeke. Kwa kila ngazi, mwenye kukula anameza maelfu ya wale wa chini yake. Nyama yao anaitumia kupata nguvu, lakini sumu yao anaiweka akiba.

Mfano wenye kujulikana sana unatoka Clear Lake, ziwa la California, Marekani. Katika 1949, 1954 na 1957 walimwaga mule DDD, ndugu ya DDT, ili kuua vidudu vilivyosumbua wavuvi. Dawa ilikuwa kidogo sana: mwaka wa 1954, sehemu moja tu kwa sehemu milioni 50 za maji. Ndege wenye kukula samaki wakaanza kufa. Walipopima mafuta ya wale ndege walikuta sehemu 1,600 kwa milioni. Ni mara 80,000 kupita dawa iliyowekwa majini. Mtu angekunywa maji ya lile ziwa bila kuona kitu. Hatari ilikuwa juu ya ngazi.

Kwetu, upande wa Burundi wa Tanganyika, watafiti walipima samaki na kukuta ndani yao mabaki ya DDT; kazi yao ilitangazwa 2002. Na Tanganyika si ziwa la kujisafisha haraka: maji yake yanakaa mule kwa mamia ya miaka. Ziwa Kivu liko na bahati moja ndogo. Sambaza anakula vidudu vya majini, na mtu anakula sambaza: ngazi ni chache, basi sumu ya namna hii haipati nafasi nyingi ya kujilimbikiza.

Mtu pia ni ngazi. Mama mwenye kunyonyesha anatoa sehemu ya akiba ile pamoja na mafuta ya maziwa. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linaendelea kusema mtoto anyonye, juu faida ya maziwa ya mama inapita.

Mapatano ya Stockholm ya 2001 yaliacha DDT kwa kupigana na wadudu wanaoleta magonjwa kama malaria tu. Endosulfan, ile iliyouzwa sana kwa jina la Thiodan, iliingia kwenye orodha ya kukatazwa katika 2011.

Kiisha kuko jamaa nyingine: malathion, dimethoate na wenzao. Hizi zinaharibika kwa siku ao majuma, hazipandi ngazi kama DDT. Lakini zinapiga mishipa ya fahamu papo hapo. Mtu aliyenyunyiza bila kujikinga, akianza kutoka jasho na mate mengi, macho kufifia na pumzi kuwa fupi, si malaria ya kungoja mpaka kesho. Apelekwe hospitali saa ileile, pamoja na chupa ya dawa. Chlorpyrifos ni ya jamaa hiyo, lakini inakawia zaidi, na katika 2025 ikaongezwa kwenye orodha ya Stockholm.

Na kuko pareto, maua yanayolimwa katika milima ya Kivu ya Kaskazini. Dawa yake inavunjwa na jua kwa siku moja ao mbili. Wanakemia waliiga na kutengeneza permethrin, deltamethrin na zingine zenye kuvumilia jua, njo ziko katika vyandarua. Mwili wa mtu unazivunja. Samaki hapana: kiasi kidogo sana kinamuua. Mwenye kuosha pompi mtoni ameisha kumwaga sumu ya samaki, hata kama dawa «haikai».

Shida kubwa ni soko. Dawa inamiminwa katika chupa ya maji ya kunywa, bila karatasi. Karatasi njo ina maneno mawili ya lazima: «matière active», yaani jina la kweli la dawa, na «délai avant récolte», siku za kungoja mbele ya kuvuna. Kuosha nyanya kunapunguza dawa iliyo juu ya ngozi yake. Dawa iliyo ndani ya samaki, maji hayaitoi; kutoa ngozi na mafuta ya tumbo, na kumwaga mafuta ya kukaangia, kunapunguza kidogo.

Na wale wanaonyunyizia samaki kavu dawa ili inzi wasitage, wao wameruka ngazi zote.