Maana na Matumizi ya Neno Uhalisia

Neno uhalisia limetokana na kivumishi halisi, chenye asili ya Kiarabu, kinachomaanisha safi, kisichochanganywa, kama katika dhahabu halisi. Katika matumizi ya kawaida, uhalisia ni hali ya mambo jinsi yalivyo. Katika uhakiki wa fasihi, ni mkabala wa kuyasawiri maisha kama yanavyoonekana katika jamii. Maana hizi mbili zisipotenganishwa, mhakiki hupotoka. Riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), hufuata uhalisia, ilhali Nagona (1990) huukiuka. Hata hivyo, Nagona haiupi ukweli kisogo: safari yake ya kindoto ni njia nyingine ya kuusaka. Kwa hiyo, kukiuka uhalisia si kuikana hali halisi.